Maswali Yenu: Muvi ya Maharamia Ikiisha, Kesi Ndo Inaanza

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya sinema za maharamia wa Somalia, aya tatu hivi, nikasema zinanikera namna zinavyomalizika, basi simu yangu haijapumua tangu siku hiyo. Meseji zimetoka Tanga, Likoni, Dodoma, mpaka Muscat na Antwerp. Zote siwezi, nimechagua sita ambazo naona zinashikana, na nyingine nimezifupisha, mniwie radhi.

Shikamoo mwandishi. Jumamosi tuliangalia na wanangu ile Captain Phillips, ya Tom Hanks. Kitinda mimba wangu yuko darasa la sita, pale wale vijana watatu walipopigwa risasi kwa mpigo akanigeukia akaniuliza, mama kwani hawakupelekwa polisi? Nikakosa la kumwambia. Hiki kisa ni kweli kiasi gani, na yule mmoja aliyebaki aliishia wapi?
Mama wa watatu, Tanga

Marahaba mama. Kisa ni cha kweli. Tarehe 8 Aprili 2009 meli ya Maersk Alabama ilikuwa imetoka Salalah, ikapitia Djibouti, inakuja kwetu Mombasa na makontena, mengine yana chakula cha msaada, mabaharia 20, wote Wamarekani. Wakaja vijana wanne wa Kisomali na kiboti kidogo cha mashine na ngazi, wakapanda. Mabaharia wakazima umeme wakajificha, na Abduwali Muse, yule aliyekuwa kiongozi wa wale wanne, wakamkamata huko chini kwenye injini gizani, akachanwa mkono kwa kisu. Mwisho wake wale wanne wakaondoka na nahodha kwenye boti ya uokozi, ile ya rangi ya machungwa iliyofunikwa juu kama gamba la kobe. Tarehe 12 boti hiyo ilikuwa inakokotwa kwa kamba na manowari ya Kimarekani, Bainbridge, na wadunguzi waliokuwa nyuma ya manowari wakafyatua. Watatu wakafa pale pale. Muse alipona kwa sababu saa hiyo alikuwa juu ya manowari, kaenda kufungwa kidonda na kuzungumza habari ya hela.

Muvi imefuata kitabu cha nahodha mwenyewe, kwa hiyo unaangalia kwa macho yake. Baadhi ya mabaharia wake hawakuipenda ile picha ya ushujaa, walikwenda mahakamani kudai kwamba meli ilipelekwa karibu mno na Somalia wakati onyo lilikuwa mkae zaidi ya maili 600 mbali. Kwenye muvi hilo huliskii.

Sasa mwanao mwambie hivi, mmoja alipelekwa. Alipelekwa New York, na kabla ya kesi yenyewe yakaanza mabishano ya umri, mama yake huko Somalia anasema kijana ana miaka 16, mahakama ikaamua ashitakiwe kama mtu mzima. Mwaka 2010 akakiri makosa, na Februari 2011 akahukumiwa miaka 33 na miezi 9. Hayo kwenye muvi huyaoni, kifungo kinatajwa kwa maandishi tu mwishoni, unaona pingu halafu kamera inamfuata nahodha kwenye chumba cha matibabu. Na ile sini ya nahodha anatetemeka, haongei vizuri, damu imemgandia na si yake, mi naiona ni nzuri sana, yule dada anayempima ni mhudumu wa afya wa kweli wa jeshi la majini, ndo maana anaongea vile kwa utulivu. Ila inaniuma kwamba dakika zile zote alipewa mmoja. Barkhad Abdi aliyemuigiza Muse ni mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Yemen na Minneapolis, alikuwa hajawahi kuigiza maishani, akashinda tuzo ya BAFTA 2014, na nadhani ni uso wake ndo ulimfanya mwanao aulize. Uso kama ule ukishauona hutaki kuambiwa tu kwamba habari imeishia hapo.

Mwandishi, mimi nimekula bahari miaka 31, deki na injini, meli za Kigiriki, za Kiarabu, na hizi zetu ndogo za hapa Kilindini. Naomba nijue, kwa nini kwenye hizi sinema baharia anayeteswa ni Mzungu tu? Sisi tulitekwa pia.
Mstaafu, Likoni

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenikaa kooni. Mlitekwa, na mlitekwa mapema kuliko hao wa kwenye sinema. Juni 2005 ilitekwa MV Semlow, imetoka hapa hapa Mombasa na tani 850 za mchele wa msaada wa watu wa Somalia waliopigwa na tsunami, na ndani yake Wakenya wanane, injinia Mtanzania na nahodha wa Sri Lanka. Walikaa miezi mitatu na ushee. Februari 2007 ikatekwa MV Rozen ikirudi Mombasa, imeshashusha chakula cha msaada, watu 12, nusu Wakenya nusu wa Sri Lanka. Oktoba 2010 ikachukuliwa meli ya uvuvi Golden Wave karibu na Lamu, humo Wakenya walikuwa 39, thelathini na tisa mzee wangu, wakakaa mpaka Februari ya mwaka uliofuata. Hadithi ya watu 39 kutoka pwani moja, na mimi sijaona sinema kubwa iliyowaweka mbele.

Kuna jambo moja labda hulijui na litakushangaza. Ile Rozen imo kwenye sinema! Mwaka 2012 Wadenmark walitoa muvi inaitwa Kapringen, na meli waliyopigia picha ndo hiyo hiyo Rozen, kwenye bahari yetu hii. Yaani zile ngazi za chuma na vile vyumba vya chini unavyoviona vilishakaa mateka wa kweli. Hata yule mtaalamu wa kujadiliana na maharamia ni mtu ambaye kazi yake ya kweli ilikuwa hiyo ya usalama wa meli, alichofanya ni kuja kufanya kazi yake mbele ya kamera. Kwa maoni yangu ndo muvi ya kweli zaidi kati ya zote. Haionyeshi hata utekaji wenyewe, unaona tu mpishi wa meli anazungumza na mkewe, unaona ofisi Copenhagen, halafu taarifa inafika kwamba meli imechukuliwa. Baada ya hapo ni simu. Simu inakwaruza, sauti inachelewa na kurudi mwangwi, ofisini bosi kavaa tai anataja dola kidogo, upande wa pili wanataja mamilioni, siku zinahesabika. Kuna jamaa anaitwa Omar ambaye ndo anaongea kwa niaba ya watekaji, na ukimwita haramia anawaka, anasema yeye si mmoja wao. Hilo lilikuwepo kweli kwenye biashara ile, kila mtu alijitafutia jina la kujisafisha.

Lakini hata humo mzee wangu, tunayekaa naye mpaka mwisho ni mpishi Mdenmark. Wenzake wa mataifa mengine wamefungiwa kando, hatujui hata majina.

Ngoja nikwambie nilichokiona mwenyewe. Mtaani kwetu kulikuwa na jirani alitekwa, sitaji meli wala mwaka kwa heshima ya familia. Mkewe alikuwa anatembea na simu kaifunga kwenye pindo la leso, fundo liko kiunoni, akipika iko, akisali ameiweka mbele ya msala, usiku analala nayo imemkandamiza ubavuni, na kila asubuhi mtoto anatumwa dukani kununua vocha ya shilingi 20 japo ye ndo anayesubiri kupigiwa, anasema wasije wakamfungia laini. Siku moja ikaita, namba ndefu. Tulikuwa uani watu kama sita. Mumewe akauliza, watoto wamekula? Akajibiwa wamekula. Simu ikakatwa. Yule mama alisimama vile vile ameishika sikioni mpaka adhana ya laasiri, hakuna aliyethubutu kumwambia aishushe.

Aliporudi, tena amerudi hai tukashukuru Mungu, wenye meli wakamwambia mshahara wa ile miezi haupo, mkataba uliisha meli ilipotekwa. Baharia yuko chini ya mtutu, mkataba umeisha! Ilichukua muda dunia kuliona hilo, mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia ulifanyiwa marekebisho 2018 na yakaanza kutumika Desemba 2020, sasa baharia aliyetekwa na maharamia mkataba wake unaendelea na mshahara unaendelea mpaka aachiwe. Waambie vijana wako pale Likoni walijue hilo kabla hawajatia saini popote.

Niaje mwandishi, mi niko mwaka wa tatu sheria. Kwenye muvi maharamia wakikamatwa ni risasi au helikopta inaondoka nao basi. Kiuhalisia mtu akikamatwa bahari kuu ambapo si nchi ya mtu anashitakiwa wapi? Na kwa nini Wazungu waliwaleta Kenya?
Mwanafunzi, Dodoma

Poa ndugu yangu, hapa ndo nilipotaka kufika, vumilia urefu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 101, unasema uharamia ni ukatili au uporaji unaofanywa bahari kuu, na watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, kwa maslahi yao binafsi. Ndani ya maili 12 za nchi fulani huo kisheria ni wizi wa kutumia silaha, kazi ya nchi hiyo. Kule nje, kifungu cha 105 kinaruhusu nchi yoyote ile kukamata, na mahakama za nchi iliyokamata zinaweza kuhukumu. Zingatia hilo neno zinaweza. Manowari zilijaa kule kuanzia 2008, za Ulaya, Marekani, India, China, lakini kukamata ni jambo moja na kusafirisha vijana kumi mpaka kwenu, uwatafutie wakili, mkalimani, na wakimaliza kifungo waombe hifadhi, ni jambo lingine. Wengi walinyang'anywa silaha wakapewa mafuta na maji ya kuwafikisha pwani, wakaachiwa. Hii huwezi kuiona kwenye muvi maana haina mwisho mzuri wa kuigiza.

Wengine ndo wakaletwa Mombasa. Kenya ilishaanza mapema, Januari 2006 manowari ya Kimarekani iliwakamata Wasomali 10 kwenye jahazi la Wahindi walilokuwa wameliteka, wakashitakiwa mbele ya hakimu Mombasa, na mwaka huo huo wakapewa miaka saba saba. Halafu kati ya Desemba 2008 na Machi 2009 Kenya ikaingia makubaliano na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya kupokea washukiwa. Juni 2010 ikafunguliwa mahakama yenye ulinzi mkali pale pale kwenye gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la dawa za kulevya na uhalifu. Na mwaka huo huo serikali ikaanza kulalamika kwamba mzigo umekuwa mkubwa na walioahidi kusaidia hawasaidii vya kutosha.

Novemba 2010 ikaja ile hukumu ya Jaji Mohammed Ibrahim wa Mahakama Kuu Mombasa. Alisema kanuni ya adhabu iliyokuwa ikitumika ilitaja uharamia wa bahari kuu kwenye kifungu cha 69, sawa, lakini kifungu cha 5 kilikuwa kinazipa mahakama mamlaka ndani ya Kenya na maji yake tu, sasa mamlaka ya kuhukumu kilichotokea huko mbali yametoka wapi? Akaamuru washukiwa tisa waachiwe. Watu walimlaumu sana. Mi sikumlaumu, mtu maskini asiye na nchi ya kumtetea anastahili jaji anayesoma kila kifungu. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa ikaitengua, ikasema uharamia ni kosa la dunia nzima na Kenya ina mamlaka. Wewe kama mwanasheria mtarajiwa zitafute hizo hukumu mbili uzisome pamoja, zina mvutano kuliko muvi yoyote.

Na ushahidi ulikuwa nini? Ngazi. Kwenye muvi ngazi ni ile sini ya sekunde kumi, inanasa pembeni ya meli, moyo unadunda, jamaa anapanda. Mahakamani ngazi ilikuwa kesi nzima. Mvuvi anabeba wavu, mishipi, barafu. Sasa boti iko maili mamia kutoka nchi kavu, haina wavu, haina hata harufu ya samaki, ina mapipa ya mafuta na ngazi ndefu ya chuma yenye ndoana mbili juu, wewe ulikuwa unakwenda kuvua nini? Tatizo ni kwamba manowari ikitokea tu kitu cha kwanza kutupwa baharini ni ngazi na bunduki, kwa hiyo mara nyingi kinachofika kortini ni picha iliyopigwa kutoka helikopta.

Niliwahi kukaa kwenye zile benchi siku moja. Picha ya namna hiyo ilipita mikononi, wakili wa mashtaka, wakili wa utetezi, hakimu, halafu wakapelekewa washitakiwa kizimbani, na wa mwisho kwenye mstari, kijana mwembamba ana ndevu za kuhesabika, aliishika akaiangalia muda mrefu kuliko wenzake wote, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimeandikwa. Swali linaulizwa kwa Kiingereza, mkalimani anageuka anasema Kisomali, jibu linarudi, hakimu anaandika kwa mkono, tunamsubiri amalize mstari, feni inazunguka. Jibu lilikuwa kwamba wao wavuvi, mashine iliharibika, wamepotea. Na kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba baadhi ya waliosema hivyo kwenye kesi za namna ile huenda walikuwa wanasema kweli, na palikuwa hapana njia nyingine ya kujua ila kukaa pale, kwa utaratibu ule wa kuchosha, neno kwa neno.

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja naishi Muscat. Kuna muvi na video mtandaoni zinawaonyesha maharamia kama wavuvi walioonewa, waliokuwa wanalinda bahari yao. Mume wangu anasema ni porojo, mi naona kuna ukweli. Nani yuko sahihi?
Bi wa Muscat

Waalaykum salaam bibie. Nyote wawili, na ntaeleza nisije nikavuruga nyumba ya watu. Serikali ya Somalia ilianguka 1991, bahari ikabaki haina mlinzi, na meli za kigeni ziliingia kuvua bila ruhusa, hilo ni kweli kabisa na liliwakata wavuvi wadogo riziki. Wale wa mwanzo waliokuwa wanakamata meli na kudai faini, wakijiita walinzi wa pwani, hasira yao ilikuwa na sababu. Ile muvi ya Fishing Without Nets iliyopigwa hapa Kenya na waigizaji wa Kisomali inasimama upande huo, na naipenda kwa kuwa angalau unakaa na mtu anayeamua.

Lakini ikifika 2008 hiyo si tena habari ya samaki. Benki ya Dunia ilitoa ripoti 2013 ikakadiria kuwa kati ya 2005 na 2012 meli 179 zilitekwa na fidia zilizolipwa ni kati ya dola milioni 339 na 413, na wale wanaopanda meli wenyewe walikuwa wanapata kama dola 30,000 mpaka 75,000 kila mmoja, kubwa lote linakwenda kwa waliotoa mtaji. Na humo humo kuna kitu kilinifanya niiweke ripoti chini kidogo: aliyekuja na silaha yake au ngazi yake alikuwa anaongezewa mpaka dola 10,000. Ngazi ile ile! Mmoja inamuongezea pesa, mwingine inamfunga. Mirungi wanayokula wakiwa kwenye meli wanakopeshwa na inakatwa kwenye fungu lao, kijana anaweza kutoka kwenye kazi ile ana deni.

Na kitu cha kumwambia shemeji: walioumia wengine walikuwa wavuvi na manahodha wa majahazi, Wayemeni, Wahindi, Wapakistani, Wairani, jahazi linatekwa ili litumike kama chombo mama cha kuwindia meli kubwa, na hao hakuna anayewalipia fidia. Mvuvi anamteka mvuvi. Hapo hoja ya kulinda bahari inakosa miguu. Mwaka 2011 ulikuwa mbaya kuliko yote, mashambulizi 237 kwa hesabu za ofisi ya kimataifa ya masuala ya bahari, IMB, yakashuka hadi 75 mwaka uliofuata na 15 mwaka 2013. Manowari zilisaidia, walinzi wenye silaha kwenye meli wakasaidia, lakini meli za kigeni za kuvua hazikuondoka kote, na kule kwenye vijiji vya pwani hilo wanalizungumza mpaka leo.

Mimi niko Antwerp. Wazee wa Kisomali hapa wanasimulia kwamba bosi mmoja mkubwa wa maharamia alikamatwa hapa Ubelgiji kwa kudanganywa na muvi. Ni kweli ama ni stori za baraza?
Msomaji wa Antwerp

Ni kweli tupu ndugu yangu. Mohamed Abdi Hassan, anayeitwa Afweyne, yaani Mdomo Mkubwa, alikuwa kati ya wakuu wa biashara ile, Januari 2013 akatangaza hadharani kwamba ameacha. Polisi wa Ubelgiji walikuwa wanamtafuta kwa sababu ya meli yao ya kuchimba bahari, Pompei, iliyotekwa Aprili 2009 na kushikiliwa zaidi ya miezi miwili. Watamtoaje kule? Wakajifanya watengenezaji filamu, wakamtumia ujumbe kupitia mshirika wake kwamba wanataka kutengeneza filamu ya maisha yake ya uharamia na yeye awe mshauri. Wakamvuta miezi mingi. Oktoba 2013 akapanda ndege, akatua Brussels, akakamatwa. Machi 2016 mahakama ya Bruges ikampa miaka 20.

Wengine wanasema ni hila isiyofaa kwa serikali. Mi nasema, angalia walioishia jela, Shimo la Tewa, Shelisheli, Hargeisa, Hamburg, kote ni vijana wa boti. Hamburg walikaa kortini karibu miaka miwili, 2010 mpaka 2012, kesi ya vijana kumi walioshambulia meli ya Taipan, nako mabishano ya umri yale yale. Wenye mtaji wamefungwa wachache mno wa kuhesabu kwa vidole. Huyu mmoja alipatikana kwa sababu aliamini dunia inataka kuona maisha yake kwenye skrini, na aliamini hivyo wakati muvi za maharamia zinatoka moja baada ya nyingine. Sijui kama kuna anayeandika sini ya yeye uwanja wa ndege, begi mkononi, anatafuta kwa macho watu wa filamu waje kumpokea. Mi ningeanzia hapo.

Mambo mwandishi! Nina miaka 22 niko Lamu, naandika riwaya ya maharamia. Nina sura sita tayari, zote ni action. Mwalimu wangu anasema stori imeshapitwa na wakati. Niendelee?
Mwandishi chipukizi, Lamu

Endelea mdogo wangu. Haijapitwa. Desemba 2023 ilitekwa MV Ruen, wakakaa nayo miezi mitatu, Machi 2024 jeshi la majini la India likaikomboa, mabaharia 17 wakatoka salama, na maharamia 35 wakapelekwa Mumbai kushitakiwa kwa sheria ya uharamia ambayo India waliitunga 2022. Mwezi huo huo MV Abdullah ya Bangladesh ikachukuliwa ikiwa na watu 23 na makaa ya mawe kutoka Maputo, ikaachiwa Aprili. Kwa hiyo mwambie mwalimu bahari haijafunga kitabu.

Ila hizo sura sita nimezisoma zote na ntakuwa mkweli kwako. Bunduki unazijua kuliko watu. Jina la bunduki unalo, namba yake unayo, lakini mama wa shujaa wako hana hata jina. Na wale wote wanaokufa wanakufa bila mtu wa kuwalilia. Kuna kisa kitafute, Februari 2012, pwani ya Kerala, walinzi wanajeshi wa Kiitaliano juu ya meli ya mafuta waliwapiga risasi wavuvi wawili wa Kihindi wakidhani ni maharamia. Wawili, kwenye boti yao, kazini kwao. India na Italia wakavutana miaka, 2020 mahakama ya usuluhishi ikasema Italia ilipe fidia lakini askari hawawezi kushitakiwa India, mwaka uliofuata ikalipwa rupia milioni 100 kesi ikafungwa. Wewe ni mtoto wa Lamu, unajua inavyokuwa mvuvi anatoka alfajiri gizani na taa yake moja. Fikiria kuonwa kutoka juu ya meli, kutoka mbali, na mtu mwenye hofu.

Sasa fanya hivi. Sura ya kwanza itupe. Anza na fundi wa kuchomelea chuma, mtu wa kawaida ana karakana, ameletewa oda ya ngazi ndefu nyembamba yenye ndoana juu, na hajaambiwa ya nini. Anajua au hajui? Anaongeza bei au anaacha ile ile? Halafu ifuate hiyo ngazi, mpaka kwenye boti, mpaka kwenye meli, mpaka kwenye ile picha inayopita mikononi kizimbani. Sura ya mahakamani usiiruke hata wakikwambia inachosha, nenda Mombasa ukakae kwenye benchi kesi yoyote ile inayohitaji mkalimani, siku nzima, usiandike, sikiliza tu. Utaona kuna sekunde moja hakimu amemaliza kusoma hukumu, mshitakiwa anamwangalia mkalimani kwa sababu bado hajui, na mkalimani anashusha pumzi kabla ya kufungua mdomo. Ukishaiandika hiyo nitumie, hata kama ni saa nane usiku.